Ng'oa Hiyo Misumari Kwenye Dirisha Lako

Leo naanza na ombi. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende kwenye dirisha la chumba unacholala, ulifungue. Usiniambie tu kwamba linafunguka. Lifungue kwa mkono wako mpaka uone nje. Kama limefunguka bila kulisukuma kwa bega, bila kukata waya na bila kutafuta nyundo, basi leo sina ugomvi na wewe, mpelekee jirani yako ujumbe huu. Kama halikufunguka, keti tuzungumze, na nakuonya mapema kwamba leo sitakuwa mpole.

Najua kuna watakaosema, "Bwana shamba, kazi yako ni pamba na choroko, madirisha yetu yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Wakulima wengi ninaowatembelea hapa Simiyu hawana ghala. Ghala lao ni chumba cha kulala. Pamba inayoanza kuvunwa Mei inangoja ndani mpaka AMCOS ianze kupima na fedha zionekane. Mahindi yamo humo, dengu zimo humo, alizeti imo humo. Bomba la kunyunyizia limesimama nyuma ya mlango na chupa ya dawa ya pamba iko chini ya kitanda. Katikati ya hayo yote wamelala watoto watatu, na dirisha limepigiliwa misumari ya inchi nne. Ukinikataza kuongelea dirisha hilo, umenikataza kuongelea mavuno yako na wanao.

Nikueleze hasira hii ilikotoka. Mwaka juzi mama mmoja, upande wa Dutwa, aliniita nikamwangalizie mahindi yaliyoshambuliwa na dumuzi. Nilipoingia chumbani nilipokewa na harufu kama ya kitunguu saumu kilichochanganyika na samaki aliyeoza. Nikasimama. Nikamuuliza, "Mama, umeweka nini humu?" Akanionyesha: vidonge vya kufukizia, amevitumbukiza kwenye magunia jana yake jioni baada ya kuelekezwa na muuzaji mnadani. Na usiku watoto walilala wapi? Hapo hapo, kitanda kiko hatua mbili kutoka kwenye magunia. Nikarukia dirisha nilifungue. Halifunguki. Misumari mitano.

Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua. Katika nchi nyingi zimekufa familia nzima usingizini kwa namna hiyo hiyo. Tuliwatoa watu wote nje, tukaacha mlango wazi, nikaing'oa ile misumari kutokea nje kwa nyundo ya kukopa kwa jirani huku nimeshikilia pumzi kama mtu anayepiga mbizi. Mungu ni mwema, watoto waliamka na kichwa kuuma tu. Nilipomuuliza kwa nini dirisha lilipigiliwa, jibu lake ndilo lililonifanya niandike: "Kishikio kilivunjika, baba. Mwenye nyumba akasema atanunua kingine akiuza pamba." Pamba ilikuwa imeshauzwa misimu miwili.

Na tuelewane vizuri hapa, nisije nikanukuliwa vibaya. Sisemi kwamba ukifungua dirisha basi unaweza kulala na vidonge vile. Hapana kabisa. Vidonge vya kufukizia havitumiki katika nyumba wanamolala watu, liwe lina dirisha au halina. Na dawa ya pamba haikai chumbani, inakaa kwenye sanduku lenye kufuli nje ya nyumba ya kulala. Ninachosema ni kwamba siku ya hatari, yoyote ile, dirisha lililopigiliwa linakuwa upande wa hatari.

Fikiria na moto. Pamba iliyokauka inavyoshika moto unajua, huhitaji mimi nikufundishe. Mshumaa mmoja, koroboi moja, simu inayochajiwa juu ya gunia. Kama moto uko upande wa mlango, wewe na watoto mtapitia wapi? Na kuna jiko la mkaa ambalo watu huliingiza ndani mvua ikinyesha. Hewa yake haina harufu, inakulaza usingizi usioamka. Na kuna kifua kikuu, ambacho wahudumu wa afya hawachoki kusema kinapenda chumba chenye watu wengi na hewa isiyotoka. Mtu mmoja anakohoa, watano wanavuta hewa ile ile usiku kucha.

Wazee watanijibu kwamba msonge wa babu haukuwa na dirisha na watu waliishi. Ni kweli, na sitaki kuusifu sana kwa sababu moshi wake uliwaharibia mama zetu macho na kifua. Lakini msonge uliezekwa kwa nyasi, na nyasi zinapumua. Wewe umejenga kwa tofali la kuchoma, umeezeka bati, umepiga lipu, umeziba juu kwa sababu ya popo. Nyumba yako haina pengine pa kupumulia isipokuwa pale fundi alipoacha tundu la dirisha, nawe ukaligharamia mbao, nondo na fundi, kisha ukalipigilia misumari kwa sababu ya kifaa ambacho pamoja na skrubu zake hakifiki bei ya jogoo.

Wezi, vumbi na mbu

Hoja ya kwanza ninayopewa ni wezi. Nimeisikia Nkololo, nimeisikia Lamadi, nimeisikia hata kwa wafanyakazi wenzangu wenye elimu. "Nikiweka kishikio, mwizi atafungua." Ndugu yangu, anayezuia mwizi ni nondo, si msumari. Msumari uliopigwa kwenye mbao ya msonobari unang'olewa kwa kipande cha bapa ndani ya muda mfupi, na mwizi anacho. Kishikio kinafungwa kwa ndani, nondo ziko kati yake na wewe, yeye yuko nje. Tena dirisha lililopigiliwa ni habari njema kwake, maana anajua huwezi kulifungua ukapiga yowe majirani wakasikia.

Ila kuhusu nondo nina jambo la kukuomba. Nyumba yenye nondo kila dirisha na mlango mmoja tu ni mtego. Chagua dirisha moja, la chumba cha watoto kama inawezekana, umwambie fundi wa kuchomelea ageuze nondo zake ziwe kama mlango mdogo wenye bawaba na kufuli kwa ndani. Ufunguo utundikwe ukutani mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua na mkono wa mtu aliye nje haufiki.

Hoja ya pili ni vumbi. Hii naielewa. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa huku unaweza kukutilia shamba zima kwenye sahani. Lakini jibu la vumbi ni dirisha linalofungwa na kufunguliwa. Ukilifunga moja kwa moja umejitibu kidole kwa kukata mkono. Fungua asubuhi upepo ungali umetulia, funga ukianza kuvuma. Wakati wa mvua, fanya kinyume kidogo kama una nafaka ndani: fungua mchana jua likiwaka na hewa ikiwa kavu, funga jioni ili unyevu wa usiku usiingie kwenye magunia. Usije ukadhani dirisha ndilo linalokausha mahindi. Mahindi yanakaushwa juani kwenye turubai au chanja mpaka unyevu ushuke, asilimia 13 hivi, ndipo yaingie ndani. Mwaka 2016 ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sumukuvu, na sumukuvu inapenda nafaka yenye unyevu na joto. Kama una mifuko ya kinga njaa iliyofungwa vizuri, hewa ya chumba haiihusu, lakini wewe unayelala pembeni yake inakuhusu.

Mbu? Mbu wa malaria wengi huingia kupitia upenyo kati ya ukuta na paa, dirisha lako limepigiliwa na wanakuuma vile vile. Weka wavu dirishani, ziba ule upenyo kwa wavu pia, lala ndani ya chandarua. Ila kwenye wavu kuna kosa moja linafanywa karibu kila nyumba, nalo nitalirudia chini kwa sababu ndilo linaloua vishikio.

Usinunue kabla hujajua kilivunjwa na nini

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Kishikio kinavunjika, mtu anakimbilia duka la vifaa vya ujenzi, anafunga kipya, baada ya mwezi nacho kimevunjika, anasema vitu vya siku hizi ni vibovu. Kweli vingi ni vibovu na nitafika huko. Lakini mara nyingi kishikio hakikuwa na kosa.

Tazama bawaba kwanza. Fungua dirisha nusu, lishike chini, linyanyue. Likicheza, bawaba zimelegea na mlango wa dirisha umeshuka. Ulimi wa komeo haukutani tena na tundu lake, kwa hiyo kila jioni mtu analisukuma kwa nguvu, anapiga kwa kiganja, mwisho kinakatika. Ukibadilisha kishikio bila kurekebisha bawaba umemnunulia mgonjwa viatu. Kaza skrubu za bawaba, au kama tundu zimepanuka zijaze kama nitakavyoeleza, kisha ujaribu. Utashangaa mara ngapi komeo la zamani linaanza kufanya kazi.

Tazama mbao. Gonga fremu kwa kiungo cha kidole kuanzia chini kwenda juu. Ikilia kama debe tupu, mchwa wameshapita, na hakuna skrubu itakayoshika hapo. Ng'oa kipande hicho ukibadilishe kwanza.

Tazama upepo. Dirisha likiachwa wazi bila kitu cha kulishikilia, upepo unaotangulia mvua hulibamiza mara kumi kwa siku, na bamizo lote linaishia kwenye kishikio na bawaba. Kwa hiyo usinunue kishikio peke yake. Nunua na kulabu ndefu na pete yake, ya kulishikilia dirisha likiwa wazi. Kwenye madirisha ya zamani ya chuma, yale ya nyumba za watumishi na shule, kuna mkono wenye matundu unaokaa kwenye kijiti chini ya fremu. Ule si pambo. Ukipotea, kishikio kitafuata.

Na mwisho tazama mkono wako mwenyewe. Madirisha yetu mengi hufunguka kwenda nje, na nondo ziko ndani. Maana yake mkono lazima upite kati ya nondo ndipo ufike kwenye kishikio. Kama nondo zimebanana au kishikio ni kirefu, mkono hauzunguki, unakivuta kwa vidole viwili kwa upande, kinapinda. Halafu tunaongeza wavu wa mbu uliogongomelewa kwa vipande vya mbao ndani ya nondo, na sasa mkono haupiti kabisa. Watu wanafanya nini? Wanachana wavu pembeni ili mkono upite. Wavu una tundu, mbu wanaingia, kishikio kinavutwa kwa upofu, baada ya muda kimekatika, na misumari inatoka sandukuni. Hilo ndilo kosa nililosema. Tengeneza wavu kwenye fremu yake ndogo ya mbao nyembamba, uutundike kwa kulabu ndogo mbili juu na mbili chini, uweze kuutoa na kuurudisha. Fundi seremala yeyote wa kijijini anaweza, na kijana wako wa darasa la sita anaweza.

Kuchagua: chukua sumaku

Sasa nenda dukani, lakini usiende mikono mitupu. Fungua kile kilichovunjika chote, na vipande vyake, ukifunge kwenye karatasi uende nacho. Usimwambie muuzaji "nataka kishikio cha dirisha" kama mtu anayeagiza soda. Pima kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya tundu la pili, maana kishikio chenye tundu zisizolingana na za zamani kitakulazimisha kutoboa upya karibu na tundu la kale na mbao itapasuka. Pima urefu wa ulimi. Pima nafasi iliyopo kati ya mlango wa dirisha na nondo. Na kama ni kishikio cha kuzungusha, kumbuka kina upande: simama ndani, angalia bawaba ziko kushoto au kulia, kisha linganisha na kile cha zamani mkono kwa mkono juu ya kaunta.

Halafu sumaku. Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, uiweke mfukoni. Iguse kwenye kishikio. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, endelea kuchunguza. Kikiwa kizito na ukikwaruza mgongo wake kwa msumari unaona njano, hiyo ni shaba ya njano, kinunue kama mfuko unaruhusu, kitakuzika. Kikiwa kinang'aa kama kioo mbele, lakini ukikikwaruza nyuma unaona kijivu hafifu, na kimetengenezwa kwa kumiminwa kwenye kalibu, basi umeshika zinki iliyopakwa mng'ao. Hiyo ndiyo inayojaza mashelfu yetu. Haipindi, inakatika ghafla. Na ikikatika usimpelekee fundi wa kuchomelea, mashine yake ya kawaida haiiungi, itayeyuka na kumtoa moshi mbaya.

Nakiri mbele yenu kwamba mimi mwenyewe nilinunua hiyo zinki, mara mbili, katika duka moja mjini Bariadi ambalo silitaji, kwa sababu ilikuwa inang'aa na mke wangu aliipenda. Ya kwanza ilikatika kabla ya Nanenane. Ya pili nikaambiwa ni "ya Dubai". Nayo ikakatika. Kwa muda mrefu baada ya hapo dirisha la sebule la bwana shamba lilifungwa kwa waya wa kufungia nondo, huku bwana shamba akiwahubiria watu maendeleo. Kwa hiyo sikusemi kutoka juu ya mlima.

Ushauri wangu kwa dirisha la mbao la mkulima ni komeo la chuma la kusukuma, lile rahisi, ulimi mnene kama kidole kidogo, refu la inchi nne au sita. Halina uzuri. Likiharibika unaona limeharibika wapi. Tena si lazima litoke mbali. Fundi wa kuchomelea wa Bariadi, Dutwa au Lamadi anaweza kukutengenezea kwa kipande cha bapa na kipande cha nondo ya milimita 10 vilivyobaki kwenye kazi nyingine, na kitu alichokitengeneza yeye atakirekebisha yeye. Lazima tutume fedha Kariakoo kwa ajili ya ulimi wa chuma wa inchi nne?

Kufunga

Dirisha la mbao. Funga dirisha kabisa, likae mahali pake panapostahili, ndipo ushikize komeo na kuweka alama za tundu kwa penseli. Watu wengi huweka alama dirisha likiwa wazi, halafu wanashangaa ulimi haukutani na pete. Komeo moja katikati linatosha kwa dirisha fupi. Dirisha refu linataka mawili, juu na chini. La chini halina shida, ulimi unashuka wenyewe kwa uzito. La juu linadanganya: ulimi ukiwa mlaini utashuka usiku na dirisha litafunguka. Kwa hiyo la juu liwe na kidoko cha kugeuzia ulimi ukae kwenye mfereji wake.

Toboa kwanza. Kama huna keekee, chukua msumari mwembamba kuliko skrubu, upige nusu ya urefu, uuchomoe. Pakaza ncha ya skrubu sabuni ya mche, itaingia bila kupasua mbao wala kukata kichwa. Kwenye mlango wa dirisha wenye unene wa inchi moja tumia skrubu zisizozidi robo tatu ya inchi, la sivyo zitachungulia nje. Kwenye fremu, ambako pete inakaa na ndiko nguvu yote inakokwenda, tumia ya inchi moja na nusu. Skrubu zinazokuja ndani ya pakiti ya kishikio mara nyingi ni fupi na laini, zitupe kwenye kopo la vitu vingine ununue zako. Na usipige skrubu kwa nyundo. Nimewaona mafundi wanaolipwa wakifanya hivyo, skrubu ikapiga mbio kwenye mbao kama msumari, na siku mkulima anavuta dirisha inatoka na nyuzi zake zote.

Tundu la zamani likiwa limepanuka, chonga kijiti cha mti mgumu, kipake gundi ya mbao, kigonge ndani, kikate usawa, kiache usiku mmoja, kisha utoboe upya katikati yake. Huna gundi? Vijiti vya kiberiti vitatu vinne vilivyoshindiliwa vitakusogeza msimu mmoja.

Dirisha la chuma. Skrubu zake zitakuwa zimeshikwa na kutu. Usizishambulie. Zidondoshee dizeli au mafuta ya taa jioni, ziache mpaka asubuhi, zigonge kidogo kichwani ndipo ujaribu bisibisi inayojaa mfereji wake. Ikigoma kabisa, itobolewe. Usiruhusu fundi akae na moto karibu na kioo. Mahali palipotobolewa, badala ya kuhangaika na nyuzi mpya, pitisha bolti na nati ikiwa bapa la dirisha linaruhusu, na nati ikae ndani. Kwaruza kutu kwa msasa mpaka chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke, ndipo ufunge. Na mwambie fundi asikuchomelee kishikio moja kwa moja kwenye dirisha, hata akisema ndiyo imara zaidi. Siku kitakapochakaa utalazimika kukata dirisha.

Ulimi ukikwama, usipake mafuta ya alizeti. Najua yapo jikoni. Yanashika vumbi letu na kuwa kama gundi. Tumia grisi kidogo, au sugua ulimi kwa risasi ya penseli.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando sitayasemea sana. Ukiona kitasa chake kinavunjika, safisha reli kwa mswaki mkuukuu kabla ya kununua kingine, maana karibu kila mara kimevunjika kwa sababu mtu alikuwa anaburuza dirisha juu ya mchanga. Kisha nenda na cha zamani, vinafanana kwa macho na havilingani kwa tundu.

Nanyi wenye maduka

Wafanyabiashara wetu, msidhani nimewasahau. Ninyi mnaofuata mzigo Mwanza na kurudi nao kwa gari la Lamadi mnachagua sisi tutafunga nini. Mkileta zinki tupu, kijiji kizima kitakuwa na zinki. Mnaniambia wateja wanapenda kinachong'aa. Wanapenda kwa sababu hamjawaonyesha kingine. Weka sumaku juu ya kaunta, ifunge kwa kamba isipotee, acha mteja ajaribu mwenyewe. Uza pete peke yake, uza ulimi peke yake, uza skrubu kwa kuhesabu, maana mtu aliyepoteza pete hana sababu ya kununua komeo zima, na ukimlazimisha ataenda kupiga msumari. Pale dukani kwako misumari ya inchi nne inauzwa kwa kilo na haijawahi kuisha. Komeo la chuma limeisha tangu lini?

Na wenye vyumba vya kupangisha pale Somanda na Malambo, mnaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dirisha limefungwa waya: mpangaji akikuomba kishikio usimwambie "wewe unapita tu". Anapita, lakini analala humo na mtoto mchanga.

Yule mama wa upande wa Dutwa nilipita kwake tena msimu huu. Magunia yako kwenye chumba chao peke yao. Dirisha la watoto lilikuwa wazi, limeshikiliwa na kulabu, na wavu wake kwenye fremu ndogo. Komeo alilifunga mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima, mwenye nyumba akiwa mnadani. Amelifunga kichwa chini, miguu juu. Nililijaribu mara tatu, linashika, nikaliacha hivyo hivyo.